Hapana ya Adabu

Msimu wa kuwinda sungura umefungwa juzi,
na tangu hapo simu haijapoa.
Kila anayepiga amemwokota njiani.
Katika La Mancha nzima hakuna mwenye mbwa,
wote wamewaokota njiani,
ingawa nyuma ya sauti nasikia mtu akinong'ona:
"Trueno, tulia,"
na huyo wa njiani anatulia.

Vizimba ni arobaini. Casilda alivijenga kwa mkopo
na mabati ya zizi la marehemu babake.
Mbwa ni mia na kumi na wawili,
wengi ni wale wa mbio, wembamba kama mwisho wa mwezi;
mbavu zao utazisoma gizani kwa vidole.
Wamelala stoo, wamelala jikoni,
mmoja yumo ndani ya bafu ambalo hatuogi tena.

Nimejifunza kusema hapana.
Mwanzoni niliisema nikilia,
kisha haraka, kama anayemeza shubiri,
siku hizi naisema kwa adabu:
samahani bwana, jaribu Tomelloso.
Nami najua Tomelloso watamwambia ajaribu kwetu.

Jumanne alikuja mzee Eulogio.
Hakudanganya, ndiyo maana namkumbuka.
Alivua kofia, akasema:
"Nimepata kitanda nyumba ya wazee, Manzanares.
Nimekisubiri miezi kumi na minne.
Mbwa hawamtaki."
Alikuwa jike, mdomo umemweupa kwa uzee,
ameliegemea goti lake
kama mlango uliozoea kizingiti.
Nikamwonyesha stoo. Nikamwonyesha bafu.
Akatazama taratibu, kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga,
akasema, "Kweli mmejaa,"
akatupa pole.
Yeye ndiye aliyetupa sisi pole.

Alfajiri ya Jumatano nikamkuta mbwa langoni,
amefungwa kwa mkanda wa suruali,
amevikwa koti la sufu, vifungo vyote vimefungwa.
Mfukoni mna karatasi:
*Anaitwa Zarza. Haogopi radi. Mchele hali.*
Ng'ambo ya barabara gari limezima taa,
kioo chake kina ukungu wa pumzi ya mtu.
Sikwenda kugonga.
Nilifungua lango kwa kelele, makusudi,
komeo lilie, asikie.
Gari likawaka. Likaondoka polepole,
kama linalomsindikiza mtu.

Husemwa mbwa hafi maji akiona ufuko.
Haya, ufuko ndio huu,
mbwa bega kwa bega hadi kwenye povu,
na wewe umesimama mchangani unahesabu nyayo,
unamwambia anayeogelea:
jaribu pwani nyingine.

Ili Zarza apate kizimba nilimhamisha Lenteja,
mkazi wa miaka mitano,
ambaye wageni humpita wakiulizia watoto.
Nikamtia na wawili wasiomjua.
Haikufika robo saa.
Casilda alishika kichwa, mimi nikashika sindano,
maana daktari wa Ciudad Real bado anadai bili ya Novemba.
Sikio tulilishona nusu.
Nusu nyingine hatukuiona.

Basi wema nilioutenda asubuhi
ulilipwa mchana, na mwingine,
ambaye hakuulizwa.

Casilda akafuta ubao kwa kiganja,
akaandika mia na kumi na tatu.
"Usiseme kitu," akasema,
na sikuwa na kitu.
Zarza amelalia koti.
Kila gari linapopita anainua kichwa,
analisikiliza mpaka liishe,
anakirudisha kichwa kwenye mkono wa koti.

Simu inalia.
Mkono wangu wa kulia una damu ya Lenteja hadi kiwikoni.
Naipokea kwa wa kushoto.